Kupe wa Jikoni

Samli ikikaa sana chunguni inabadilika. Inakolea njano, inashika harufu ya kitu kilichovunda, na wazee wa kwetu wanasema hapo ndipo inapokuwa tamu. Mimi nikiinusa tu, hata leo na uzee wangu huu, natoka nje. Watu wakikumbuka nyumbani kwao husema mambo mazuri, harufu ya mvua, sijui maua ya kahawa. Mimi nakumbuka samli na nasikia kinyaa. Nilikulia ndani ya harufu hiyo, kijijini kwetu kando ya barabara ya Muleba, miaka ile ambayo kuta za ofisi zilijaa maneno ya ujamaa na rafu za duka zilijaa vumbi.

Mwenye samli alikuwa bibi, mama yake baba. Kila asubuhi aliketi mlangoni na kibuyu cha maziwa mapajani, anakisukasuka huku anasinzia, mpaka siagi inajitenga. Wakati majirani walipopanga foleni dukani kutafuta mafuta ya kupikia na kurudi mikono mitupu, sisi tulikuwa na ng'ombe wetu na chungu chetu. Bibi alijivunia chungu kile kuliko wajukuu. Akikupenda, anakumwagia samli. Akikuchukia, unakula ndizi kavu.

Na alimpenda mama yangu, hilo lazima niseme. Mama, tuliyemwita Mawe kwa Kihaya chetu, alikuwa mwembamba, mwembamba wa kuzaliwa, hata akila vipi haongezeki. Bibi aliona aibu. Mke aliyekonda kwenye nyumba yenye ng'ombe anawatangazia watu kwamba mnamnyima chakula. Basi kila mlo, kabla Mawe hajagusa tonge, bibi anachota samli kwa kijiko cha mbao, anaimwaga juu ya ndizi na maharage mpaka inachuruzika pembeni ya jani la mgomba tuliloandalia chakula. Halafu anakaa hapo hapo, anamtazama mdomoni mpaka amalize.

Kulikuwa na mafuta mengine ambayo Mawe hakuruhusiwa kuyaonja, nayo ni ya senene, panzi wale wanaoliwa kwetu. Kwetu senene wakishuka mwezi wa Novemba, wanawake ndio wanaoamka alfajiri kuwakamata nyasini. Wanawake ndio wanaonyofoa miguu na mabawa mpaka vidole vinanata, ndio wanaowakaanga kwa mafuta yao wenyewe. Kula ni kwa wanaume. Sisi tuliambiwa mwanamke akila senene atazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka. Wanaobaki hukaushwa, wanatiwa kwenye kikapu, na kikapu kinatundikwa juu ya meko, mali ya mwenye nyumba. Mume mwungwana humpa mkewe kitenge kipya kwa kazi hiyo. Baba alikuwa akisema vitenge vimeadimika, ngoja hali itengemae, na Mawe akangoja mpaka akazoea.

Niliwatazama wakila, baba na kaka yake mkubwa, ambaye mimi namwita baba mkubwa. Loo. Mtu anatia kiganja kizima mdomoni, midomo inang'aa, kipande cha mguu wa senene kimekwama kwenye jino, na yeye anaongea. Wakimaliza hawanawi. Mafuta yaliyobaki vidoleni wanajipaka kwenye magoti na miundi ya miguu, kisha wanajitazama miguu inavyong'aa. Baba mkubwa alikuwa mwenyekiti wa kijiji, na hakuna aliyempita kwa hotuba. Neno alilolipenda kuliko yote ni kupe. Mwenye duka kupe, mlanguzi kupe, anayechelewa shamba la kijiji kupe. Akilitamka neno hilo unaona senene wanazunguka kwenye ulimi wake.

Mawe alianza kusimama njiani. Alikuwa anapandisha na maji kutoka chemchemi, anafika kwenye mteremko, anatua ndoo, anashika kifua kama mtu aliyesahau kitu. Mwanzoni alinidanganya kwamba anapumzika kuangalia kahawa. Kwenye pembe za macho yake, karibu na pua, zilikuwa zimeota alama bapa za njano, laini, zisizouma. Juu ya visigino alikuwa na vinundu vigumu. Mama yake, kule Rubafu alikozaliwa, alikuwa na alama hizo hizo, akaanguka kwenye kibanja chake cha migomba jembe likiwa mkononi, na hakuamka. Mjomba wangu naye, kaka yake Mawe, alianguka kanisani akiwa bado kijana wa kucheza mpira.

Bibi alipoziona alama zile alifurahi. Akamshika Mawe kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akasema samli imeanza kuonekana. Akawaita majirani waje watazame, mke wetu amenona mpaka machoni. Nilikuwa nimesimama hapo na sufuria mkononi, nikarudi jikoni.

Wakati huo nilikuwa nasoma Bukoba mjini, nimekuja likizo. Mimi ndiye niliyemng'ang'aniza baba mpaka akakubali tumpeleke Mawe hospitali. Daktari alikuwa mtu wa Upareni, Kihaya hajui hata salamu, na Kiswahili cha Mawe kilikuwa cha kununulia chumvi tu, basi mimi nikawa mkalimani. Daktari alimvuta kope, akamtazama zile alama, akambonyeza visigino, akaniuliza habari za wazazi na ndugu zake. Nilipomweleza ya Rubafu, aliacha kuandika. Akamtoa damu. Baba akaona hasara kusafiri mpaka mjini halafu atolewe damu mke peke yake, akakunja shati akasema na yeye apimwe. Damu zote mbili zikapelekwa Mwanza.

Majibu yaliporudi, tulirudi sisi watatu. Daktari akasema damu ya mama ina mafuta mengi sana, yale wanayoyaita kolestro, mengi kuliko aliyowahi kuyaona kwa mtu yeyote. Baba akauliza ya kwake je. Daktari akasema damu ya mzee ni safi kabisa, kama ya kijana. Baba akacheka, akajipiga paja, halafu kicheko kikamwishia katikati.

"Daktari," akasema, "mimi ndiye ninayekula. Nyama mimi, senene mimi. Huyu hali kitu. Imekuwaje?"

Daktari akafafanua, nami nikamtafsiria Mawe neno kwa neno. Mafuta haya, alisema, mengi yanatengenezwa na mwili wenyewe, ndani ya ini. Watu wengine wamezaliwa na ini lisilojua kuacha, wamerithi kwa wazazi kama wanavyorithi pua. Mafuta yanaganda ndani ya mishipa ya moyo mpaka njia inaziba. Dawa zipo duniani, lakini kwa hali ya nchi ilivyo asimdanganye, hapa hazipo. Tiba iliyobaki ni jikoni. Samli asiguse tena. Nyama yenye mafuta, maziwa yenye utando, vitu vya kukaanga, aviache vyote. Ale ndizi za kuchemsha, maharage, mboga za majani, matunda, samaki wa kuchemsha.

"Mama, sikufichi," akasema, akimtazama Mawe na si mimi. "Ukifuata haya unaweza kuwaona wajukuu. Usipofuata utaanguka kama mama yako."

 Mawe akaniuliza kwa Kihaya, polepole, nani atamwambia mama mkwe. Daktari akataka kujua amesema nini. Sikumtafsiria, niliona haya.

Tulijaribu, haki ya Mungu tulijaribu. Jioni ile ile bibi alipoinua kijiko, Mawe akafunika chakula chake kwa mkono, akasema kwa neno letu la heshima, waitu mama, daktari amekataza. Kijiko kikabaki hewani. Bibi akamuuliza daktari ameona nini ndani ya samli yake. Akauliza kama mkono wake siku hizi una sumu. Akauliza ni lini amekuwa mchawi, na kwa nini wengine wanaokula chungu hicho hicho hawafi. Akaanza kulia, mama mzima, kamasi zinamshuka mpaka mdomoni. Kwetu kumkatalia mkwe chakula anachokupa kwa mkono wake ni kumwambia ana nia ya kukuua, hakuna maana nyingine. Baba akamtazama Mawe mara moja tu. Mawe akaondoa mkono, samli ikamwagwa, tena vijiko viwili, na akala.

Baadaye nilimkuta nyuma ya migomba ameinama, vidole kooni. Ilikuwa inatoka nyeupe yenye utelezi, na harufu yake sitaieleza. Nikamshika paji la uso mpaka akamaliza. Akafukia kwa mguu, akatia majani juu. Ikawa ndiyo kazi yake kila siku, kula mbele ya bibi na kwenda nyuma ya migomba. Tuliposhuka pamoja chemchemini alikuwa anasimama mara nyingi kuliko zamani, midomo imepauka, na mimi likizo yangu ilikuwa inakwisha.

Wakati huo baba alikuwa hajatulia. Jambo la daktari lilimkaa rohoni, akalipeleka kwa kaka yake. Na baba mkubwa, ambaye kitu asichokijua hakijazaliwa, akalitatua mara moja. Mafuta hayadondoki toka mbinguni, alisema. Mume anakula, hana mafuta. Mke hali, amejaa mafuta mpaka yanamtoka machoni. Kwa hiyo nani anakula? Wakakishusha kikapu cha senene juu ya meko, wakakichungulia. Kweli, senene walikuwa wamepungua. Mimi nilijua walikopungua. Baba mkubwa hakuwahi kupita jikoni kwetu bila kutia mkono kwenye kikapu kile, akidhani wanawake na watoto wa kike hawana macho.

Kikao cha ukoo kikaitwa. Wanaume waliketi sebuleni juu ya nyasi zilizotandikwa upya, bibi kwenye kigoda chake, Mawe na mimi chini karibu na mlango. Katikati ya wanaume liliwekwa sinia la senene wa kukaanga, wa kikapu kile kile kinachodaiwa kuibiwa, na waliendelea kuwala wakati wanatoa hukumu. Nimeona mambo mengi maishani, lakini sijaona kitu cha kutia kinyaa kama mdomo unaotafuna ushahidi.

Baba mkubwa akasimama. Akaanza na taifa, akashuka mkoani, wilayani, mpaka akatua jikoni kwetu. Akasema tunapiga vita wanyonyaji nje, kumbe wapo ndani. Huyu mke wetu tunamwona mwembamba, mnyonge, tunamhurumia, kumbe ni kupe wa jikoni. Kupe naye ni mdogo, akasema, lakini mpasue uone. Watu wakacheka. Tone la mafuta likamdondoka kidevuni likatua kwenye shati lake la mikutano.

Nikainuka. Nilikuwa binti wa kidato cha pili, najiona najua. Nikawaeleza habari ya ini, nikawaeleza Rubafu, bibi mzaa mama na mjomba, kwamba ugonjwa huu unarithiwa. Baba mkubwa akanisikiliza kwa subira ya kujionyesha. Kisha akawauliza wenzake nani kati yao amewahi kuchinja ng'ombe akakuta ini linatengeneza samli. Wakacheka tena, na mmoja akamwambia baba kwamba ada ya shule imeleta matunda. Baba akaniambia nikae. Hakunitazama.

"Mke wetu," akasema baba mkubwa, "una la kusema?"

Mawe alikuwa ameinamisha uso. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake.  Halafu akapiga magoti mbele yao.

"Waitu," akasema, "nilikula."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia, kwa sauti iliyofika kila pembe, kwamba alikuwa akila tangu mwaka jana, wanaume wakiwa shambani, na nyama za mafuta pia, na samli ya chunguni. Bibi akapiga ukelele mdogo na kufunika mdomo. Mimi nilimtazama mama yangu pale chini na, kwa kitambo, hata yeye alinichukiza.

Hukumu haikuchelewa. Baba mkubwa akasema tumbo lililozoea wizi dawa yake ni kufungwa. Kuanzia siku ile Mawe asiguse samli, wala nyama, wala maziwa, wala kitu chochote cha kukaanga. Apikie watu wote, lakini chake akichemshe peke yake kwenye chungu chake, ndizi, maharage na mboga, basi. Bibi akakatazwa kumtilia hata tone. Na hali hiyo iendelee mpaka ukoo utakapoona ameadabika. Mawe akainama mpaka paji la uso likagusa nyasi, akashukuru.

Kesho yake tulikwenda chemchemini. Nilikuwa nimenuna, nikamwambia bora angekaa kimya kuliko kujivika uchafu wa watu. Akatua ndoo yake kwenye mteremko, akapumua.

"Nilipowaambia daktari amekataza, nilimliza mama mkwe," akasema. "Nimewaambia nimeiba, wamekataza wenyewe. Sasa nani atanimwagia?"

Hakucheka. Mimi ndiye niliyecheka, kisha nikalia, kisha nikawachukia wote upya, mmoja mmoja, kwa sababu mama yangu alilazimika kuwa mwizi ili apate sahani ya ndizi za kuchemsha.

Na jina lilimshika. Watoto waliimba kupe wa jikoni wakipita nje ya kibanja. Gulioni Muleba wanawake waliomjua walivuta vikapu vyao karibu anapochuchumaa, kwa mzaha, lakini walivuta. Siku za ibada alikaa nyuma kabisa. Alikwenda kuungama, si wizi, alikwenda kuungama uongo, na padre akampa sala zake akamwambia aende kwa amani. Nyumbani alikula peke yake kwenye kona, na kifua kikaanza kumwachia. Nilipokuja likizo nyingine alipandisha na ndoo mpaka juu, akasimama mara moja tu, kunisubiri mimi.

Tatizo likaja kutoka kwenye huruma. Bibi alishindwa kuvumilia. Mke alikonda zaidi, aibu ikarudi, na moyo wake ulikuwa unamuuma kweli. Akawasumbua wanawe mpaka msimu wa senene uliofuata, nikiwa nyumbani likizo, wakakubali kumsamehe Mawe. Ikaandaliwa karamu. Lubisi, pombe yetu ya ndizi, ikakamuliwa, ndizi zikapikwa na nyama nono, na bibi akatoa chungu cha samli alichokihifadhi kwa siku kubwa, imekaa mpaka harufu yake inakutangulia mlangoni. Mawe akaitwa aketi katikati. Baba mkubwa akahutubia kuhusu ukoo unaorudi kuwa kitu kimoja. Bibi akachovya kijiko chake cha mbao, machozi yanamtoka, akakiinua juu ya chakula cha mama yangu.

Niliuona mkono wa Mawe. Haukwenda kufunika chakula. Ulikwenda upande wa pili, kwenye sinia la wanaume, mbele ya macho yao yote. Akachukua senene mmoja, mkubwa, mwenye mgongo wa kahawia, akamtia mdomoni na kumtafuna.

Hakuwa amewahi kumla maishani mwake. Nilijua hivyo kwa namna uso wake ulivyokunjamana, kama mtoto aliyelishwa kwinini. Alitafuna mpaka mwisho, akameza, akafungua mdomo kidogo ili waone hakuna kilichobaki.  Bibi akarudisha kijiko chunguni polepole, samli ikamdondokea mapajani, na hakuifuta. Baba mkubwa akatamka kwamba huyu haponi, aachwe na adhabu yake mpaka kufa.

Akaachwa nayo. Mawe alimzika bibi, akamzika baba, aliyefariki kwa ugonjwa wa mapafu, pamoja na damu yake safi. Aliwaona wajukuu, watoto wangu wote, akawafundisha kumenya ndizi. Ujamaa ulikwisha kuimbwa, mafuta ya kupikia yakarudi madukani kwenye madebe ya kila rangi, na yeye bado alikuwa anachemsha chungu chake kwenye kona. Nilipomwambia tuwaeleze watu ukweli, akasema wataelewa kisha watamletea samli. Alikufa mzee, kitandani kwake, si kwenye mteremko.

Tulimzika mwezi wa senene. Baba mkubwa alikuwa bado yupo, amenenepa, ameketi kwenye kiti cha mbele kilichosogezwa kwa ajili yake. Akainuliwa kusema neno la ukoo. Akasema marehemu alikuwa mchapakazi, alikuwa na kosa moja tu ambalo wote tunalijua, na leo, mbele ya kaburi hili, ukoo umemsamehe. Waombolezaji wakaitikia amina. Niliuma shavu kwa ndani mpaka nikaonja damu.

Baada ya maziko wakaleta chakula. Baba mkubwa akaniita karibu yake, akaniwekea sahani ya senene mapajani kwa mkono wake mwenyewe, vidole vinang'aa vile vile.

"Kula, binti yetu," akasema. "Siku hizi hata wanawake wanakula."

Aliponiinamia niliona anazitazama pembe za macho yangu, pale ambapo alama za njano zilikuwa zimeanza kuota tangu mwaka uliopita. Nikamrudishia sahani yake kwa mikono miwili, kwa adabu niliyofundishwa.

"Siwezi, baba," nikamwambia. "Nimerithi wizi wa mama."